Maktaba na Sikukuu: Kupanga Siku za Kusoma

Maktaba za umma Tanzania Bara, zinazosimamiwa na Bodi ya Huduma za Maktaba, kwa kawaida hufungwa siku za mapumziko ya kitaifa. Msomaji anayezijua siku hizo mapema hapotezi nauli wala muda.

Sikukuu ziko za aina mbili. Za kwanza zina tarehe zisizobadilika, kama Mapinduzi, Januari 12, Karume, Aprili 7, Muungano, Aprili 26, Mei Mosi, Sabasaba, Nanenane, Nyerere, Oktoba 14, na Uhuru, Desemba 9. Za pili huhama. Jumapili ya Pasaka huangukia kati ya Machi 22 na Aprili 25. Idi na Maulidi hufuata mwandamo wa mwezi, hivyo huja mapema kwa takriban siku 11 kila mwaka, na siku ya Idi el-Fitri huthibitishwa mwezi unapoonekana.

Aprili huhitaji uangalifu zaidi, kwa sababu sikukuu kadhaa huweza kufuatana wakati watahiniwa wa kidato cha sita wanajiandaa kwa mtihani wa Mei.

Vitabu vya kuazima vichukuliwe siku mbili tatu kabla ya sikukuu. Vitabu vya rejea havitolewi nje, kwa hiyo visomwe na kunukuliwa mapema. Tarehe ya kurudisha kitabu ikiangukia sikukuu, ni salama zaidi kukirudisha kabla. Kwa saa za kazi za siku za mkesha, mkutubi ndiye wa kuulizwa.