Mpe Ruhusa Akanywe Dozi

Msikilizaji, leo nina neno na wenye maduka wa Kariakoo, kuanzia Msimbazi na Kongo mpaka nyie wenye stoo kule Gerezani. Yupo kijana anayekupangia mzigo, na kila asubuhi anaomba atoke kidogo. Anapita Fire, anaingia Upanga, anafika Muhimbili. Anakwenda kliniki kunywa methadoni, dawa ya kumtibu aliyezoea heroini.

Kliniki hiyo ilianza Februari 2011, ya kwanza ya aina yake katika hospitali za umma Tanzania Bara. Baadaye zikafuata Mwananyamala na Temeke. Na miaka yote hii bado nasikia watu wakisema, "Si wamemtoa kwenye unga, wakampa unga wa serikali!" Jamani, sivyo.

Heroini, huo unga wenyewe, haikai sana mwilini. Saa chache tu baada ya kete, arosto inaanza: machozi na kamasi vinamtoka, tumbo linakata, mifupa inauma, usingizi hauji. Teja anayechomoa betri ya gari alfajiri hatafuti starehe tena, anaikimbia arosto. Hapo ndipo watu wanapopokezana sindano, na pamoja na sindano wanapokezana virusi vya Ukimwi na vya homa ya ini. Mwaka 2005 watafiti waliandika kuhusu wanawake wa hapa hapa Dar waliokuwa wakijidunga damu ya mwenzao aliyetoka kujidunga, wakiamini nao watapata nafuu. Damu ya mtu mwingine, ndani ya bomba la sindano! Mateso gani hayo yanayomfikisha binadamu huko?

Kikombe kidogo cha methadoni kinaizuia arosto siku nzima. Kwa kawaida mgonjwa anakinywa pale pale, mhudumu anamtazama mpaka ameze. Kikiwa kipimo chake sahihi, halewi; anarudi kwako kubeba maboksi. Ila ni kila siku, Jumapili na Idi zikiwemo. Akikosa siku kadhaa mfululizo, inabidi kipimo kishushwe kwanza, maana mwili umeshapoteza uzoefu. Na akikata tamaa akarudia unga kwa kiasi kile cha zamani, pumzi inaweza kukatika palepale, sindano ikiwa bado mkononi.

Na nyie marafiki zake mnaomwambia, "Piga hata kimoja, pombe siyo unga," mnamweka pabaya. Methadoni inapunguza kasi ya kupumua, na pombe nayo hivyo hivyo. Zikikutana, mtu analala akikoroma, watu wanadhani kachoka, asubuhi haamki. Viroba vilipigwa marufuku Machi 2017, lakini pombe kali ya chupa ndogo haijaenda mbali na sokoni.

Bosi, naelewa hofu yako. Mzigo unashuka asubuhi, wateja wa mikoani wanataka kuwahi basi, na pengine kijana huyu aliwahi kukuibia siku za unga. Lakini ukimlazimisha achague kati ya kibarua na kikombe, akachagua kibarua, arosto haitachukua siku nyingi kumfuata dukani kwako. Na ukimfukuza, huna ulichookoa. Umemwondolea nauli ya kumfikisha kliniki.

Kaa naye mpange zamu. Mzigo wa asubuhi apokee mwingine, yeye ashike mahesabu ya jioni na kufunga duka.