Pikipiki ya Kikundi Isife Mikononi Mwetu

(Hotuba kwa wanachama wa vikundi vya kujisaidia na waendeshaji wao)

Leo sitazungumza juu ya mikopo wala mbuzi wa maziwa. Nataka tuzungumze juu ya pikipiki, kwa sababu siku hizi vikundi vingi vinayo, na vingine vinaendelea kuilipia hata baada ya kufa.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka 2009 nilikuwa na pikipiki ya kazi, ile ya matairi ya meno inayopita matope na kupanda milima. Kila asubuhi nilitia petroli, nikapiga kiki, nikaenda zangu. Oili sikuangalia. Nilidhani hiyo ni kazi ya fundi. Siku moja injini ilinoki nikiwa mlimani, mbali na lami. Kikundi cha akina mama kilikuwa kinaningoja na karatasi zao za mkopo. Walingoja mpaka jioni, wakarudi nyumbani mikono mitupu. Fundi alipofungua injini aliniuliza, "Dada, oili iko wapi?" Nilikosa jibu.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi tuzibe nyufa hizi mapema.

Kwanza ni oili. Simamisha pikipiki wima mahali tambarare, injini ikiwa imezimwa kwa dakika chache. Angalia kwenye kijiti au kwenye kioo kidogo kilicho ubavuni. Oili iwe kati ya alama mbili, ya chini na ya juu. Ikipungua, ongeza ya aina ile ile. Ibadilishwe kwa kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu, na kwa barabara zetu za vumbi afadhali mapema kuliko kuchelewa. Ile chafu msiimwage mtoni, maana ndiko tunakochota maji.

Pili, kichujio cha hewa. Hapa ndipo wengi wetu tunalala. Vumbi likiingia ndani ya injini linasaga pistoni na ringi zake kama tupa. Baadaye mnaona moshi wa samawati na oili inaisha ovyo. Kichujio cha sponji huoshwa kwa maji ya sabuni, kikaushwe kabisa kivulini, kisha kitiwe oili safi kidogo na kukamuliwa. Usikioshe kwa petroli. Petroli ni moto. Kile cha karatasi hakioshwi. Kung'uta vumbi taratibu, na kikizidi kuchafuka, nunua kingine. Wakati wa kiangazi kiangalieni kila wiki.

Tatu, cheni. Ishike katikati, upande wa chini, uisukume juu na chini. Kwa pikipiki nyingi za kawaida icheze sentimita 2 hadi 3. Zile ndefu za milimani huhitaji zaidi kidogo, kwa hivyo fuata kitabu. Ikilegea sana inaruka meno. Ikikazwa sana inakatika na kuharibu beringi. Unapokaza, alama za kushoto na kulia kwenye gurudumu la nyuma zilingane, la sivyo gurudumu litakaa upande. Safisha matope kwanza, ndipo utie oili.

Nne, breki, matairi na spoku. Breki zijaribiwe kabla ya kutoka nyumbani, si kwenye mteremko. Ukivuka mto, zikanyage polepole mara kadhaa zikauke. Upepo wa tairi upimwe likiwa baridi. Spoku zigonge kwa spana: iliyokaza inalia, iliyolegea inatoa sauti butu. Halafu pitisha mkono kwenye nati zote. Njia ya mawe hulegeza kila kitu.

Hayo yote huchukua dakika 10 asubuhi. Je, dakika 10 ni nyingi?

Sasa nawageukia viongozi. Wekeni daftari moja: tarehe, kilomita, kazi iliyofanywa na pesa zilizotumika. Kabla ya kugawana mapato, tengeni pesa za oili, cheni na matairi. Na mwendeshaji akija kusema, "Mwenyekiti, breki ni mbovu," msimwambie amalize wiki kwanza. Mnamlazimisha achague kati ya kazi yake na maisha yake. Anayeketi nyuma usiku huo huenda ni binti yako, mjamzito, anapelekwa zahanati.

Nanyi vijana, msione haya kusema. Mwendeshaji anayekataa kutoka na pikipiki mbovu si mvivu. Analinda mali ya kikundi na uhai wa watu.

Kesho asubuhi, kabla ya kiki, mwangalie oili. Tutaendelea na maswali.