Kufika Bule: Mtafiti na Mlango Anaoingilia



Tasnifu nyingi zinazoandikwa hapa Bunia, mkoani Ituri, mashariki mwa Kongo, juu ya eneo la Djugu humaliza habari ya kufika kwa mstari mmoja: tulikwenda, tukapokewa vizuri, tukahoji watu kadhaa. Mada yangu ni juu ya mstari huo. Mahali penye kambi ya jeshi, jinsi mtafiti alivyofika huamua ataambiwa nini, na asiyeeleza alivyofika amemnyima msomaji nusu ya utafiti.

Bule iko kwenye nyanda za juu za Djugu, katika usultani wa Bahema-Badjere. Ni nchi ya ng'ombe, maharagwe na baridi ya asubuhi. Tangu vita vilipolipuka upya mwishoni mwa 2017, watu wa vijiji vingi vya jirani wamekuwa wakikimbilia karibu na walipo askari. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2022, wapiganaji wa kundi la CODECO walivamia kambi ya wahame (wakimbizi wa ndani) ya Plaine Savo, karibu kabisa na Bule, wakaua watu wapatao 60. Juni 2023 ikawa zamu ya kambi ya Lala, nayo si mbali: watu zaidi ya 40 waliuawa, wakiwamo watoto wengi. Haya yalitokea katika eneo lenye askari wa jeshi la taifa, FARDC, na wa kikosi cha Umoja wa Mataifa, MONUSCO. Kwa hiyo ukimuuliza mtu wa huko kama askari wanamlinda, umegusa kaburi la ndugu yake.

Sasa mtazame mtafiti anavyoingia. Akiweza kupata nafasi, hupanda gari jeupe la shirika ndani ya msafara wenye ulinzi. Asipoweza, hupanda pikipiki na kupita Iga-Barrière, akionyesha barua yake ya safari ya kikazi (ordre de mission) kwenye kila kizuizi. Tangu utawala wa kijeshi ulipoanza Ituri na Kivu Kaskazini tarehe 6 Mei 2021, hata mamlaka ya kiraia ambayo angeripoti kwayo imewekwa mikononi mwa maofisa wa jeshi na polisi. Akifika, mtu wa kwanza kumsalimia ni mwenye bunduki, na kambi nzima inaona.

Huko Bule nilimhoji mama mmoja aliyekuwa akichambua maharagwe kwenye sinia mbele ya hema lake. Askari aliyetusindikiza alisimama hatua chache nyuma yangu. Kila swali alilijibu kwa neno moja: tunashukuru. Vidole vyake havikuacha kufanya kazi, na macho hayakuinuka kwenye sinia. Kesho yake tulikutana penye maji, nikiwa na mama wa kamati ya wahame tu. Safari hii alinieleza shamba lake liko wapi, saa ngapi hathubutu kulikaribia, na ni yupi kati ya watoto wake humtuma kutafuta kuni. Mtu ni yule yule na maswali ni yale yale. Je, ningeandika jibu lipi kama ningerudi Bunia siku ile ya kwanza?

Ituri tuna funzo kubwa la jambo hili. Katika hukumu ya Thomas Lubanga, kiongozi wa kundi la wapiganaji la Ituri, tarehe 14 Machi 2012, majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai waliilaumu ofisi ya mwendesha mashtaka kwa kuwaachia watu wa kati kazi ya uchunguzi bila kuwasimamia vya kutosha. Usalama ulikuwa mbaya, wachunguzi wageni walikuwa wakionekana upesi, hivyo wakategemea wenyeji wawatafutie mashahidi. Matokeo yake, ushahidi wa vijana kadhaa haukutegemewa. Kama mahakama yenye fedha na mawakili ilikwama hapo, mwanafunzi mwenye daftari na simu ajihadhari mara mbili.

Wenzetu wa mbali wanalijua tatizo hili. Kwajalein, katika Visiwa vya Marshall, ni kituo cha Marekani cha kujaribia makombora. Wenyeji wanaofanya kazi humo huvuka kwa boti asubuhi na kurudi jioni kulala Ebeye, kisiwa kidogo kilichosongamana watu. Mgeni anayelala kituoni ataona nyasi zilizokatwa vizuri; ya Ebeye atayasikia kwa wengine.

Sisemi tukatae ulinzi. Njia ya Bule imeua watu, na hakuna tasnifu inayostahili maisha ya mwanafunzi. Ninachoomba ni hiki: kila ripoti itaje nani alimleta mtafiti, alilala wapi, nani alichagua wa kuhojiwa, na nani alikuwa anasikia wakati wa mahojiano. Mwalimu msimamizi ayasome hayo kabla ya majedwali. Na bajeti ziruhusu kukaa siku za kutosha, ili mtafiti aonekane penye maji na kanisani bila msafara, maana fomu nyingi tunazozileta Bunia zimejazwa mchana mmoja, injini ya gari ikinguruma.