Tamthilia Mpya za Muziki na Nafasi ya Tamasha la Mkoani



Mada niliyopewa katika semina hii inahusu jinsi tamthilia mpya za muziki zinavyolelewa kwenye matamasha ya maigizo yaliyo mbali na miji mikuu. Nitaanzia Issaquah, mji mdogo ulio mashariki ya Seattle nchini Marekani. Huko kuna jumba la maigizo linaloitwa Village Theatre, lililoanzishwa mwaka 1979. Kwa miaka mingi limekuwa likifanya tamasha la kiangazi la tamthilia mpya za muziki. Mtu aliyezoea maonyesho makubwa akiingia humo atashangaa: hakuna mandhari iliyochorwa, hakuna mavazi rasmi. Waigizaji wamesimama nyuma ya stendi, miswada mikononi, piano iko kando. Wanasoma, wanaimba, na watazamaji wanajua kabisa kwamba kazi iliyo mbele yao haijakamilika.

Ni hapo palipopita tamthilia iitwayo leo Next to Normal. Ilianza mwaka 1998 kama kipande cha dakika 10, ambacho Tom Kitt na Brian Yorkey walikitunga kwa ajili ya warsha ya watunzi ya BMI jijini New York. Kilimhusu mama anayetibiwa ugonjwa wa akili kwa mshtuko wa umeme. Kilipokua kikaitwa Feeling Electric, na kwa jina hilo kilifanyiwa warsha Issaquah mwaka 2005, kisha mwaka huohuo kikaonyeshwa katika tamasha la tamthilia za muziki la New York. Wakati huo kazi ilikuwa na kejeli nyingi kuhusu madaktari na dawa zao. Mwaka 2008 ilipopanda jukwaa la Second Stage, New York, wahakiki waligawanyika: wengine waliguswa, wengine waliona kwamba vichekesho vinagombana na msiba uliomo ndani. Watunzi walirudi mezani. Waliipeleka kwa kampuni ya Arena Stage ya Washington, wakiwa wameshaondoa nyimbo za kuchekesha na hata ule wimbo ulioipa kazi jina lake la kwanza. Kilichobaki katikati ni familia iliyofiwa na mtoto na kushindwa kulitaja jambo hilo. Ikafika Broadway mwaka 2009, na mwaka 2010 ikapewa Tuzo ya Pulitzer ya tamthilia.

Nimekaa na mfano huu kwa sababu unaonyesha jambo ninaloliamini kwa dhati. Mtunzi hawezi kugundua akiwa peke yake chumbani kwamba wimbo wake mzuri unaiharibu kazi. Wimbo ukiwa mzuri, kila aliyeko mazoezini anaupenda. Mpaka ukumbi ujae watu wasiomjua mtunzi, wacheke pale alipotaka wacheke, halafu dakika tano baadaye washindwe kuingia katika huzuni ya mama yule, ndipo tatizo linaonekana. Kwa watunzi hawa safari hiyo ilichukua zaidi ya miaka 10, na kila kituo kilikuwa na watazamaji wake.

Tamthilia ya maneno matupu nayo inahitaji kujaribiwa, lakini ya muziki inahitaji zaidi. Ina nafasi tatu za utunzi: mwandishi wa kisa, mwandishi wa maneno ya nyimbo, na mtunzi wa muziki. Ukimwondoa mhusika mmoja, wimbo wake unaondoka, sauti ya tatu katika wimbo wa pamoja inaondoka, na hatua za ngoma zinapangwa upya. Mabadiliko hayo yakifanywa wakati bado mna piano moja na karatasi, gharama yake ni usiku mmoja wa kazi. Yakifanywa baada ya bendi kukodiwa na jukwaa kujengwa, hakuna mfadhili atakayekubali. Ndiyo maana Wamarekani wameuwekea usomaji utaratibu wake: chama cha waigizaji kinaruhusu usomaji wa saa 29 tu, mazoezi na onyesho vikihesabiwa pamoja. Ufinyu huo una faida. Unamlazimisha mwongozaji aachane na mapambo, ashughulike na kisa na nyimbo.

Mfano wa pili ni Come From Away, kazi ya mume na mke kutoka Kanada, David Hein na Irene Sankoff. Tarehe 11 Septemba 2001, anga la Marekani lilipofungwa, ndege 38 zilitua Gander, mji mdogo wa Newfoundland, zikiwa na abiria karibu 7,000. Wenyeji waliwapokea, wakawalisha, wakawalaza mashuleni na makanisani. Watunzi walikwenda Gander mwaka 2011, wakati wa kumbukumbu ya miaka 10, wakawasikiliza wenyeji na abiria waliorudi. Mwaka 2012 wanafunzi wa chuo cha Sheridan, Ontario, waliigiza toleo la dakika 45. Januari 2013 kazi ikasomwa katika tamasha la Goodspeed, East Haddam, Connecticut, ambako pia waigizaji wa usomaji walikuwa wanafunzi wa vyuo vya sanaa. Baada ya La Jolla, Seattle na Washington, ikafika Broadway mwaka 2017. Yumo ndani ya kazi hiyo dereva wa basi anayewabeba Waafrika wasiojua Kiingereza. Anaona Biblia yao, anawafungulia Wafilipi 4:6, na wanaelewana, kwa kuwa namba za sura na aya ni zilezile katika lugha zote mbili. Kwangu hilo ni mojawapo ya matukio bora katika maigizo ya karne hii.

Naomba mwangalie ni akina nani walioimba nyimbo hizo kwa mara ya kwanza. Ni wanafunzi. Chuo kilipata mafunzo ambayo hakuna mwalimu angeweza kuyatoa darasani, maana mwanafunzi aliletewa wimbo mpya asubuhi akauimba jioni mbele ya watu. Watunzi nao walipata sauti za kuwatosha bila kulipa mishahara ya nyota.

Kazi changa inahitaji pia ulinzi. Kituo cha Eugene O'Neill huko Waterford, Connecticut, kilichoanzishwa mwaka 1964, kimelea kazi kama Nine, Avenue Q na In the Heights. Kazi zinazosomwa pale hazifanyiwi uhakiki magazetini. Mtunzi anaruhusiwa kukosea hadharani, na bila ruhusa hiyo ataleta tu kile anachojua kimeshakubalika.

Sisi tumezoea kuutoa mchezo kama anavyotolewa mwali: ndani kwanza, ngoma baadaye. Hata hivyo Afrika Mashariki inao mfano wake wa kazi iliyokomazwa mbele ya watu. Mwaka 1977, Kamiriithu, Limuru, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandaa Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu pamoja na wakulima na wafanyakazi. Mazoezi yalifanyika mahali pa wazi. Wanakijiji walisimama, wakasikiliza, wakasahihisha namna mzee anavyosema na namna wimbo unavyoimbwa. Serikali ililisimamisha onyesho Novemba mwaka huo. Mwaka 1982 mchezo wao wa nyimbo, Maitũ Njugĩra, uliponyimwa nafasi katika Jumba la Taifa la Maigizo, maelfu waliujua kupitia mazoezi ya wazi katika Chuo Kikuu cha Nairobi, mpaka nayo yakazuiwa. Naona uchungu kila ninapolikumbuka hilo. Mbinu iliyozaliwa hapa petu ilikatwa kabla haijawa desturi.

Matamasha tunayo, na yanapendwa. Lakini mengi huonyesha kazi zilizokwisha kamilika: kikundi kinafika na lori la vifaa, kinacheza, kinaondoka. Mtunzi kijana mwenye nyimbo sita na kisa ambacho hajajua kitaishaje hana mlango wa kubisha. Taarab, ngoma na ngonjera zimetupa hadhira inayojua kusikiliza maneno ndani ya wimbo na kuyajibu papo hapo. Watazamaji wa aina hiyo, mtunzi wa tamthilia ya muziki angewatafuta popote duniani.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo na linawezekana mwaka ujao. Tamasha la Bagamoyo lina taasisi ya sanaa nyuma yake, TaSUBa, yenye wanafunzi, walimu wa muziki na kumbi. Litenge alasiri mbili kwa usomaji wa tamthilia mpya za muziki za Kiswahili. Kazi ziwe tatu, kila moja dakika 45, kinanda kimoja na ngoma, wanafunzi wakisoma na miswada mkononi. Watunzi wafike wiki moja kabla, na wapewe chumba na haki ya kubadilisha nyimbo hadi saa ya mwisho. Waandishi wa habari wakaribishwe kama watazamaji, wasiandike hukumu. Kila kazi irudi mwaka unaofuata ikiwa imebadilika, na tamasha liahidi tangu mwanzo kuipokea tena. Waandaaji walioko humu ndani, naomba mlijadili ombi hili kabla semina haijafungwa.