Ile chachu tunayotupa inaweza kuwa mukate

(Maneno aliyoyasema mama mmoja mwanachama kwenye mkutano wetu wa miezi mitatu, hapa Sakania. Tumeyaandika karibu vile alivyoyatamka.)



Niliombwa niseme juu ya mukate. Lakini siwezi kuanza na mukate. Nitaanza na deni, kwa sababu wengi hapa munajua kama niko na deni, na yule ambaye hajui, leo atajua.

Mwanzo wa mwaka 2024 chama kilinikopesha falanga 150,000. Niliwaambia nitapika mikate midogo ya chai kwa watu wa soko na kwa madereva wa malori, na kila mwezi nitarudisha kidogo. Miezi ya kwanza nilirudisha, jumla 40,000. Bunga ya ngano ilitoka ng'ambo, sukari ilitoka ng'ambo, levire ilitoka ng'ambo. Ba mama wanaovuka mpaka waliniletea toka Ndola, na mimi nilipika.

Kisha tarehe 10 Agosti 2024 Zambia ilifunga mipaka ya Kasumbalesa, Mokambo na huu wetu wa Sakania. Munakumbuka. Ulikuwa ugomvi wa biashara wa serikali mbili, upande wetu ulikuwa umekataza bia na vinywaji vingine kuingia. Mpaka ulifungwa siku chache tu. Lakini mwenye biashara ya kikapu, siku chache zinamtosha kuanguka.

Malori yalisimama. Madereva walijaa. Njaa walikuwa nayo, falanga walikuwa nazo, na mimi sikuwa na levire! Nilitafuta soko nzima. Nikapata paketi ya mwisho kwa bei ya juu, nikachanganya bunga yangu yote iliyobaki ili nisipoteze nafasi ile. Levire ilikuwa ya zamani, imekufa. Asubuhi nilikuta bunga imelala vile vile kama udongo wa kufinyanga. Njo vile mtaji wa chama ulikwisha, usiku moja.

Tangu siku ile nilianza kupita njia ya nyuma ya soko ili nisikutane na mama mtunza sanduku. Miezi miwili hakuniona. Ba mama wawili waliokuwa nyuma yangu kwenye mstari wa mkopo walingoja falanga ambazo mimi ndiye nilikuwa nimezikalia. Hili linaniumiza kuliko bunga iliyoharibika. Kule Zambia tulicheza chilimba, hapa tunaita likelemba, na sheria ni ileile: ukila zamu yako na kunyamaza, umekula ya mwenzako.

Sasa nafika kwenye mukate.

Wengine wetu tulirudi toka kambi za Kala na Mwange, zile zilizofungwa mwaka 2010. Wengine mulikuja nyuma, toka Mantapala. Mimi nilitoka mjini, Ndola, ambako nilifanya kazi ya nyumba kwa mama mmoja Mwitalia. Yule mama alikuwa na kopo la kioo juu ya meza ya jikoni, ndani yake bunga ya ngano na maji, inatoa mapovu. Kila siku aliniamuru: toa nusu, tupa, weka bunga mpya na maji. Kutupa bunga! Mimi mtoto wa Pweto, niliyekula mahindi ya kupimiwa kambini, nitupe bunga? Nilikuwa naichukua ndani ya mfuko na kwenda nayo nyumbani.

Siku moja aliniuliza naipeleka wapi. Niliogopa. Lakini alicheka, akasema hata bibi yake hakutupa. Akanifundisha kuitengeneza mukate wa bapa wanaouita focaccia. Alinieleza kama jina lile linatoka kwa neno la Kilatini la mahali pa moto, yaani jikoni penyewe, na kwamba watu wa zamani waliupika katika majivu, hawakuwa na mashine yoyote. Kwao unajulikana sana mji wa Genova.

Niliyasahau yote. Hata mwezi wa kumi ule, nikiwa na deni na bila mtaji, nikaona mama jirani anatengeneza munkoyo. Kibuyu chake hakioshi kwa sabuni. Anasuuza tu, kwa sababu anajua ndani ya ukuta wa kibuyu munabaki kitu kinachochachusha munkoyo wa kesho. Nikajiambia: weye mujinga! Levire unaitafuta Ndola, na hapa watu wanachachusha tangu mababu.

Maana ni kazi moja. Katika munkoyo, mizizi inalegeza uji wa mahindi na kuutia utamu, kisha vidudu vidogo visivyoonekana vinauchachusha. Katika kopo la ngano pia, vidudu viko ndani ya bunga yenyewe. Vingine vinatoa hewa, hiyo inanyanyua mukate. Vingine vinatia uchungu kidogo kama maziwa yaliyolala. Hiyo njo chachu. Haipiti mpakani, hailipi ushuru.

Nitawaambia vile ninafanya, andikeni.

Kuanzisha: bunga ya ngano vijiko vikubwa viwili, maji safi kiasi kile kile, ndani ya kopo. Funika, usikaze. Kila siku toa nusu, ongeza bunga na maji. Siku za kwanza itanuka vibaya, musiogope. Baada ya wiki moja, au zaidi kama ni baridi ya mwezi wa sita na wa saba, itapanda na kushuka kila siku na kunuka kama matunda au siki. Imekomaa. Maji ya kijivu yakikaa juu, ni njaa tu, koroga na kuilisha. Lakini ukiona ukungu, au rangi ya waridi au ya machungwa, tupa yote na uoshe kopo kwa maji ya moto. Hapo hakuna huruma.

Ile nusu unayotoa, usimwage. Iweke katika kopo la pili. Ikifika kikombe kimoja, njo mukate.

Mukate wenyewe: chachu ile kikombe 1, bunga ya ngano vikombe 3, maji kikombe 1 na kidogo, chumvi kijiko cha chai 1 na nusu, mafuta vijiko vikubwa 3. Changanya jioni kwa mkono wenye maji. Itanatanata, usiongeze bunga! Hapa ndipo sisi wote tunakosea, tunataka ikaze kama bukari. Iache ilegee. Kila nusu saa, mara tatu, vuta upande moja na kuukunja juu, zunguka pande nne. Funika, lala. Hii chachu ya kutolewa ina uvivu, inataka usiku nzima. Kama ni baridi, weka sufuria karibu na jiko lililozimwa.

Asubuhi paka mafuta ndani ya sufuria pana, mwaga bunga pole, iache saa moja au mbili hadi itetemeke ukiisukuma. Paka mafuta vidole, vitie ndani mpaka chini, kama mutu anayepiga likembe. Vishimo vile si urembo, ndani yake munakaa mafuta na chumvi. Mwitalia alitumia mafuta ya zeituni. Mimi ninatumia mafuta ya kalanga. Juu ninatia kitunguu kilichokatwa nyembamba, siku nyingine nyanya, siku nyingine kapenta iliyookwa na pilipili. Ile ya kapenta inakwisha kwanza.

Kupika, sina jiko la kuoka. Niko na mbabula tu. Makala kidogo chini, makala mengi juu ya kifuniko cha chuma, kama vile tunapika keki ya sikukuu. Weka mawe matatu madogo ndani ya sufuria kubwa, na ile ya mukate juu yake, ili chini isiungue. Karibu nusu saa. Usifunue kila mara! Harufu itakuita.

Sasa ukweli, kwa sababu wafadhili watasoma. Mukate wa kwanza ulikuwa jiwe. Wa pili watoto walikula kwa sababu yangu. Wa tatu nilipeleka soko, mzee moja akauma akaniambia: "Mama, hii mukate inachacha, uliilaza?" Nikamujibu: "Ndiyo baba, niliilaza kwa makusudi." Alirudi kesho yake. Lakini si wote wanarudi. Anayetaka mukate mweupe, laini, wa sukari, huu hataupenda, na mimi simdanganyi. Pia bunga ya ngano bado inatoka mbali. Mpaka ukifungwa muda mrefu hata mimi nitasimama. Ninaweza kuchanganya bunga ya mahindi sehemu moja kwa tatu za ngano. Ukizidisha, mukate unavunjika, kwa sababu mahindi hayana ule unato wa ngano unaoshika hewa.

Hesabu: sufuria moja ninakata vipande 12, kimoja falanga 500, ni 6,000. Bunga, mafuta, vitunguu na makala vinakula karibu 3,500. Inabaki 2,500. Si nyingi. Lakini levire sinunui tena, na hakuna asubuhi niliyokuta bunga imekufa. Toka hizo 2,500 nimerudisha 55,000. Pamoja na zile 40,000 za mwanzo ni 95,000. Bado 55,000. Mama mtunza sanduku yuko hapa na daftari, anaweza kunisahihisha.

Neno la mwisho ni gumu kidogo, na ninawaomba marafiki zetu wa Lubumbashi wanivumilie. Muliahidi kutusaidia kununua jiko kubwa la umeme la kuoka, liwekwe kwenye nyumba ya chama. Ahadi ile ni ya upendo, sisi wote tuliipigia makofi, mimi pia. Lakini umeme wetu munaujua. Na jiko moja litakuwa na funguo moja, na funguo moja italeta maneno. Mimi nilianguka kwa sababu nilitegemea kitu kimoja kinachotoka nje ya mkono wangu. Sitaki chama chote kifanye kosa langu kwa ukubwa.

Kama inawezekana, falanga zile zigawanywe hivi: kwanza, wale ba mama wawili waliongoja kwa sababu yangu wapate mkopo wao, hata kabla mimi sijamaliza. Pili, sufuria pana zenye vifuniko vya chuma na kilo chache za bunga kwa ba mama sita wa kuanza. Chachu nitatoa mimi, bure. Kufundisha, bure. Nikimaliza deni langu, tuzungumze tena juu ya jiko la umeme, na pengine siku ile tutakuwa na biashara ya kulijaza.

Reli ilifika hapa Sakania toka kusini mwaka 1909, mbele ya kufika Lubumbashi mwaka 1910. Tangu siku ile vitu vinatupita. Vinaenda kaskazini, vinaenda kusini, sisi tunabaki na vumbi. Tunaporudi toka Zambia watu wanatuuliza: mulituletea nini? Mimi sikurudi na redio, wala vitanda. Nilirudi na kitu nilichofundishwa na mama mmoja jikoni, na karibu nikipoteze kwa kukisahau. Kila moja wenu alirudi na kitu. Fundi wa viatu, fundi wa baiskeli, yule anayejua kulima mboga wakati wa jua. Kitoeni!

Nimekuja na kopo langu, liko pale mezani karibu na dirisha. Mwenye kutaka, aje nyumbani Alhamisi saa nane na kopo safi lenye kifuniko. Nitamutilia vijiko viwili. Na kesho yake, tafazali, ukumbuke kuilisha.