Vazi la Mchezo Limo Sandukuni Mwako

Mazungumzo ya afisa wetu wa habari na wazazi na walimu wa Mji wa Kale



Nianze na kisa changu. Nilipokuwa darasa la nne shule yetu iliandaa mchezo wa kuigiza, nami nikapewa nafasi ya nahodha wa jahazi. Maneno niliyahifadhi yote. Zikiwa zimesalia siku mbili, tukaambiwa kila mtoto alete pesa za kukodi mavazi. Nyumbani hazikuwako. Nikakaa nyuma, nikamsikiliza mwenzangu akisema maneno yangu. Nilipokua ndipo nilipofikiri: nahodha huvaa kikoi, fulana na kilemba. Vyote vitatu vilikuwa vimeanikwa uani kwetu siku ile ile.

Ndiyo sababu nimekuja leo. Kuunga vipande vya nguo si jambo geni kwetu. Wazee husimulia kwamba leso yenyewe ilianza pale wanawake wa pwani walipochukua vitambaa vidogo, wakaviunga sita pamoja, vikawa nguo moja. Hata jina lake lina asili ya Kireno. Leo tunaziona zimejaa madukani Biashara Street, tukasahau kwamba mwanzo wake ni sindano na uzi.

Tuje kwenye kazi. Huhitaji cherehani wala vipimo vya fundi. Chukua shati linalomtosha mtoto, lilaze juu ya shuka kuukuu, chora pembeni kwa chaki ukiacha upana wa vidole viwili, kisha kata na ushone kwa mkono.

Mtoto akipewa nafasi ya Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza mwaka 1913, shuka jeupe litatoa hando: kata vipande virefu, vikunje marinda, vishone tabaka juu ya tabaka kwenye ukanda wenye lastiki. Kasa? Tumia fulana ya kijani na kipande cha kadibodi kilichofunikwa kitambaa, na ndani ujaze mabaki ya nguo. Kipepeo ni leso moja iliyochakaa: shona katikati yake mgongoni mwa fulana, na ncha mbili za juu uzitie vitanzi vya kushika vidoleni. Mlinzi wa Fort Jesus anatoka kwenye kanzu iliyombana kaka yake, mshipi, na upanga wa kadibodi.

Nguo za mitumba zifueni kwanza na kuzianika juani. Na kabla ya kutia makasi, uliza. Leso inayoonekana kuukuu huenda ni kisutu cha harusi ya bibi, na buibui lililokunjwa chini ya sanduku huenda ndilo kumbukumbu pekee ya marehemu. Nguo hukatwa mara moja tu.

Usalama nao tusiupuuze. Usifunge kamba shingoni mwa mtoto. Tumia vifungo vya kubana vinavyoachia vikivutwa. Pindo liishie juu ya kifundo cha mguu asije akajikwaa ngazini. Kinyago kisimzibe macho wala pua. Afadhali rangi kidogo shavuni. Watoto wachanga wasiwekewe vifungo wala shanga, maana huvimeza. Na vazi la nailoni lisikaribie jiko wala mshumaa: likishika moto huyeyuka na kugandia ngozi.

Mabaki msiyatupe mitaroni. Mvua za masika zikija, kitambaa kilichonasa kwenye mtaro wa kichochoro ndicho kinachorudisha maji mlangoni mwako. Jazeni mito, tengenezeni vitambaa vya kupigia deki.

Kwenu walimu, nina ombi moja. Mpeni mzazi taarifa majuma mawili kabla, na mwambieni vazi la nyumbani linakubalika. Mtoto aliyehifadhi maneno asiondolewe jukwaani kwa sababu ya nguo.

Na kwenu wazazi: msishone peke yenu usiku mtoto akiwa amelala. Mpeni chaki achore, ashike kitambaa mnapokata. Siku ya mchezo akiulizwa vazi lake limenunuliwa wapi, atajibu kwa fahari: tumelishona nyumbani.