Safari ya Dilolo Wakati wa Mvua
(Maneno aliyosema mmoja wa wafanyakazi wetu wa vijijini mbele ya wanachama, Kolwezi)

 

Leo sikuleta raporti ya mradi. Nataka kusema juu ya feza ya msiba.

Mwaka jana, siku chache mbele ya Noeli, mama aliniambia: «Mutoto wangu, yaya iko mugonjwa. Nataka kumuona mbele ya kufa.» Yaya wake alikaa Dilolo. Ndiye aliyemshika mkono wakati walikimbilia Angola, vita vya Shaba vya mwaka 1978. Wengi kati yetu hapa tunajua njia ile. Nilimjibu kama mtu aliyesoma: tungojee mwezi wa sita, barabara ikauke. Akaniangalia tu. Kesho yake tukapanda kamiyo, mama mbele na shofere, mimi juu ya mifuko ya simenti.

Kutoka hapa mpaka Dilolo ni zaidi ya kilomita 400. Wakati wa kiangazi nafika siku ya pili. Safari ile ilikula siku saba.

Kisha kupita Mutshatsha tulikuta barieri ya mvua. Munaijua: mvua ikinyesha, kamiyo zinasimama mpaka udongo ukauke kidogo, zisiharibu barabara. Sheria nzuri, naitetea hata kazini. Lakini siku mbili mama alilala kwenye kiti. Barieri ilipofunguliwa, kamiyo ya mbele yetu ilizama mpaka kwenye eksi, na njia ikafungwa tena. Tulishuka wote, tukakata matawi, tukachimba na majembe. Vijana wa kijiji walisaidia, wakaomba feza. Siwalaumu, ni mashimo yao pia. Wamama wakawasha makala, wakapika bukari palepale kwenye matope.

Wanachama wetu walio Canada watasema hata wao wanateswa, wakienda kuona ndugu kwenye theluji. Kweli, theluji inaua watu. Lakini kule Québec sheria inalazimisha kila motokari kuvaa matairi ya theluji toka tarehe 1 Desemba mpaka 15 Machi. Baridi inakuta watu wameijipanga. Kwetu mvua inaanza mwezi wa kumi na kuisha mwezi wa ine, kila mwaka, na kila mwaka tunashangaa kama mgeni ametuvamia.

Tulifika Dilolo jioni. Tulikuta watu wamekaa chini kuzunguka moto. Walimuzika siku iliyotangulia.

Niliporudi, chama chetu kilinipa mchango wa msiba, kama statuti inavyosema. Nilipokea, nikashukuru. Usiku nikahesabu. Feza ile ingempeleka mama Dilolo na kumrudisha mwezi wa saba, na ingebaki ya kununulia yaya wake kitenge.

Ndiyo sababu naomba hivi: sehemu moja ya sanduku la msiba, siyo lote, ilipe safari za kuona wazee, toka mwezi wa tano mpaka wa tisa, na wenye umri mkubwa watangulie. Mweka hazina ameniambia kifo hakingojei kiangazi, sanduku lisikauke. Ana haki, ndiyo maana nasema sehemu. Wengine wanaogopa mtu atasema anaenda kuona shangazi, kumbe anaenda biashara. Sasa akirudi na asali ya kuuza, ubaya uko wapi? Shangazi si ameonekana?

Wafadhili, sitaomba barabara kwenu, hiyo ni kubwa kuliko sisi. Naomba mutukubalie kutumia mchango wenu kwa tikiti ya mtu aliye mzima.

Daftari liko mbele, kwa katibu. Jina la mama liko la kwanza. Mdogo wake wa mwisho yuko Kasaji.